Kadi nafuu za grafiki zafaa michezo ya uhalisia pepe, ila kwa masharti

KATIKATI ya mwaka wa 2016, kampuni ya AMD ya Marekani iliwaahidi wapenzi wa michezo ya tarakilishi jambo ambalo wengi wao walilidhania ndoto. Ilisema kwamba kwa Dola 199 pekee, takriban Sh20,000 kwa kiwango cha ubadilishanaji wa fedha cha wakati huo, mtu angejipatia kadi ya grafiki yenye nguvu za kutosha kumwingiza katika ulimwengu wa uhalisia pepe.

Kadi hiyo, Radeon RX 480, iliingia sokoni Juni 29 mwaka huo. Kabla yake, kiwango cha chini kilichopendekezwa na watengenezaji wa miwani ya uhalisia pepe kilikuwa GeForce GTX 970 ya kampuni ya Nvidia, ambayo ilipozinduliwa Septemba 2014 iliuzwa kwa Dola 329. Ahadi ya AMD basi ilikuwa sawa na kumwambia mnunuzi kuwa nauli ya safari ile ile imepungua kwa zaidi ya thuluthi moja.

Miaka mingi imepita na kadi nyingi zimekuja na kupita, lakini swali lililozuka wakati ule lingali linaulizwa. Je, mtu anayenunua kadi ya bei nafuu kwa minajili ya michezo ya uhalisia pepe hupata thamani ya pesa zake, au hujinunulia majuto?

Si swali la watoto na michezo yao tu. Mzazi anayeombwa makumi ya maelfu ya shilingi, au kijana anayedunduiza ujira wa vibarua kwa mwaka mzima, ana haki ya kujua atapata nini kabla ya kufungua mfuko.

Jibu kwa ufupi ni kwamba thamani ipo, lakini haionekani kwenye bei ya kadi peke yake. Inategemea miwani itakayotumiwa, tarakilishi itakayobeba kadi hiyo, na aina ya michezo ambayo mtu anakusudia kucheza.

Kazi ya kadi ya grafiki

Kadi ya grafiki ni sehemu ya tarakilishi inayochora picha zinazoonekana kwenye kioo. Ina prosesa yake yenyewe, kumbukumbu yake yenyewe na aghalabu feni zake za kupoza joto. Anayeandika barua au kusoma habari mtandaoni hana haja ya kadi yenye nguvu. Anayecheza michezo yenye milima, magari na majeshi yanayosonga hawezi kufanya lolote bila kadi nzuri.

Uhalisia pepe huiongezea kadi hiyo mzigo kwa njia tatu. Kwanza, miwani huhitaji picha mbili kwa wakati mmoja, moja kwa kila jicho, kila moja ikichorwa kutoka pembe tofauti kidogo ili ubongo uone kina. Pili, picha hizo hazina budi kubadilishwa kwa kasi kubwa kuliko ya runinga ya kawaida. Tatu, picha huchorwa zikiwa kubwa kuliko kioo chenyewe, kwa sababu lenzi za miwani huzipinda na kuzivuta kabla hazijafika machoni.

Hesabu itasaidia kueleza. Kioo cha kawaida chenye upana wa pikseli 1,920 na kimo cha pikseli 1,080, kikibadilisha picha mara 60 kwa sekunde, huitaka kadi ichore takriban pikseli milioni 124 kila sekunde. Pikseli ni zile nukta ndogondogo zinazounda picha.

Miwani ya Oculus Rift, iliyoanza kuuzwa Machi 2016, ilikuwa na vioo viwili vyenye jumla ya pikseli 2,160 kwa 1,200, vikibadilisha picha mara 90 kwa sekunde. Hizo ni pikseli milioni 233 kila sekunde. Ukijumlisha ule ukubwa wa ziada unaohitajika kwa sababu ya lenzi, Oculus yenyewe ilikadiria mwaka wa 2015 kuwa kadi ingelazimika kuchora takriban pikseli milioni 400.

Kwa maneno mengine, kadi huwa na milisekunde 11 tu za kukamilisha kila picha. Ikichelewa, mchezaji atajua papo hapo, tena kwa njia isiyopendeza.

Kichefuchefu hakina bei nafuu

Hapa ndipo uhalisia pepe unapotofautiana na michezo ya kawaida. Kadi dhaifu ikishindwa na mchezo wa kandanda kwenye runinga, picha zitakwamakwama na mchezaji atakereka. Kadi hiyo hiyo ikishindwa ndani ya miwani, mchezaji anaweza kuugua.

Sababu ni kwamba sikio la ndani, ambalo huueleza ubongo jinsi kichwa kinavyosonga, hutoa habari moja, nayo macho hutoa nyingine. Kichwa kimekwisha kugeuka, lakini picha bado haijageuka. Mgongano huo huleta kizunguzungu, jasho na kichefuchefu, mithili ya abiria anayesoma gazeti ndani ya matatu inayopanda mlima wenye kona nyingi.

Kwa hivyo unafuu katika uhalisia pepe una sakafu yake. Chini ya sakafu hiyo hakuna kuvumilia. Miwani itavuliwa baada ya dakika kumi na kurudishwa kwenye kasha, na pesa zote zilizotumiwa zitakuwa zimepotea, ziwe nyingi au kidogo.

Ahadi ya 2016 ilitimia?

Kwa sehemu kubwa, ilitimia. RX 480 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 iliuzwa kwa Dola 199 na ile ya gigabaiti 8 kwa Dola 239. Mwezi uliofuata Nvidia ilijibu kwa GeForce GTX 1060 yenye gigabaiti 6, bei yake ikianzia Dola 249. Kadi zote mbili zilikuwa na uwezo unaokaribiana na ule wa GTX 970 au kuuzidi, na ziliendesha vyema michezo mingi ya uhalisia pepe ya wakati huo.

Tatizo ni kwamba kadi haikuwa gharama kubwa zaidi katika orodha ya ununuzi. Oculus Rift ilianza kwa Dola 599, nayo HTC Vive, iliyotoka Aprili 2016, ikaanza kwa Dola 799. Aliyeokoa Dola 130 kwenye kadi bado alihitaji miwani yenye bei ya mara tatu au nne ya kadi hiyo, pamoja na tarakilishi ya kuziunganisha zote mbili.

Oktoba 2016, Oculus ilitangaza mbinu iliyoshusha sakafu zaidi. Kadi iliposhindwa kuchora picha 90 kwa sekunde, programu ya miwani iliupunguza mchezo hadi picha 45, kisha ikabuni yenyewe picha za katikati kwa kukisia jinsi vitu vilivyokuwa vikisonga. Kwa msaada huo, kiwango cha chini kilishuka hadi GTX 960, kadi iliyokuwa na nguvu ndogo kuliko GTX 970.

Hata hivyo, picha ya kubuniwa si sawa na picha halisi. Kingo za vitu vinavyosonga kwa kasi, hasa mikono ya mchezaji, huonekana zikiyumba kama kitu kinachotazamwa kupitia maji. Mbinu hiyo ni mkongojo wa kumsaidia anayechechemea. Haifai kutegemewa na mtu anayenunua kadi mpya.

Kisha soko likageuka. Kuanzia mwaka wa 2017 hadi mapema 2018, wachimbaji wa sarafu za kidijitali, hasa Ethereum, walizinunua kadi hizo kwa wingi. Kadi zilizokusudiwa kuuzwa karibu na Dola 200 ziliadimika, na wakati mwingine zikauzwa maradufu ya bei hiyo. Hali kama hiyo ilijirudia kati ya 2020 na 2022, na ilipungua makali kabla ya Ethereum kuachana na uchimbaji wa kutumia kadi Septemba 2022.

Funzo la miaka hiyo ni kwamba bei inayotangazwa siku ya uzinduzi si lazima iwe bei atakayolipa mnunuzi dukani. Thamani hupimwa kwa pesa zinazotoka mfukoni.

Miwani imekua, mzigo nao umeongezeka

Aliyenunua kadi nafuu mwaka wa 2016 alikuwa akihudumia vioo vyenye jumla ya pikseli milioni 2.6. Miwani ya Quest 2, iliyotoka Oktoba 2020, ilikuwa na pikseli 1,832 kwa 1,920 kwa kila jicho, yaani milioni saba kwa jumla. Quest 3 ya Oktoba 2023 ina 2,064 kwa 2,208 kwa kila jicho, jumla ikiwa zaidi ya milioni tisa. Mzigo umeongezeka mara tatu na nusu.

Hii ndiyo sababu ushauri wa zamani haufai kufuatwa kibubusa. Kadi iliyosifiwa mwaka wa 2016 kuwa "tayari kwa uhalisia pepe" ilikuwa tayari kwa miwani ya 2016.

Hali si ya kukatisha tamaa lakini. Mchezaji anaweza kupunguza ukubwa wa picha zinazochorwa na kupunguza vivuli na mapambo mengine. Baadhi ya michezo hujirekebisha yenyewe. Half-Life: Alyx, mchezo wa kampuni ya Valve uliotoka Machi 2020, hupunguza au kuongeza ukubwa wa picha kulingana na nguvu za kadi. Kiwango cha chini kilichotajwa na Valve kwa mchezo huo ni GTX 1060 au RX 580 zenye gigabaiti 6 za kumbukumbu, pamoja na gigabaiti 12 za kumbukumbu ya tarakilishi yenyewe. Michezo mingi myepesi huridhika na nguvu ndogo zaidi. Beat Saber, ambao mchezaji hukata michemraba ya rangi kwa mapanga ya mwanga akifuata muziki, ni mfano mmoja.

Michezo ya kurusha ndege ndiyo mizito kuliko yote. Microsoft Flight Simulator, uliopata uwezo wa uhalisia pepe Desemba 2020, huzitoa jasho hata kadi za bei ghali. Anayeutaka mchezo huo asijidanganye kwa kadi nafuu.

Mitego minne ya kuepuka

Mtego wa kwanza ni kumbukumbu ndogo. Kadi yenye gigabaiti 4 huenda ikawa na bei ya kuvutia, lakini tayari iko chini ya kiwango cha michezo kama Half-Life: Alyx. Kwa miwani ya sasa, gigabaiti 8 ndicho kiwango cha busara kwa anayeanza.

Wa pili ni uwezo wa kukandamiza video. Miwani ya Quest inapounganishwa na tarakilishi, iwe kwa kebo ya USB au bila waya, haipokei picha moja kwa moja. Kadi huigeuza picha kuwa video iliyokandamizwa, kisha miwani huifumbua. Kadi ya Radeon RX 6500 XT, iliyozinduliwa Januari 2022 kwa Dola 199, haikupewa sehemu ya kufanya kazi hiyo. Aliyeinunua kwa ajili ya michezo ya kawaida huenda aliridhika, lakini aliyeinunua kwa ajili ya Quest alikosea njia. Bei ilikuwa ile ile ya RX 480, ila thamani haikuwa ile ile.

Wa tatu ni ukosefu wa usaidizi. Intel ilieleza wazi kwamba kadi zake za Arc za kizazi cha kwanza, zilizotoka 2022, hazikuwa na usaidizi rasmi wa miwani ya uhalisia pepe, ingawa kwa michezo ya kawaida zilikuwa na bei nzuri. Vivyo hivyo, AMD na Nvidia huacha kuziboreshea programu kadi zilizozeeka. Nvidia ilitangaza mwaka wa 2025 kuwa kadi za familia ya GTX 1060 zingepata maboresho ya mwisho ya michezo Oktoba mwaka huo, kisha zibakie na marekebisho ya usalama pekee.

Wa nne hauhusu kadi bali miwani. Kuna miwani ya mitumba ya mfumo wa Windows Mixed Reality, ulioanzishwa na Microsoft mwaka wa 2017. Desemba 2023 Microsoft ilitangaza kuuacha mfumo huo, na ukaondolewa kabisa kwenye toleo la Windows 11 lililotoka Oktoba 2024. Anayeuziwa miwani hiyo kwa bei ya kutupa ajiulize kwa nini inatupwa.

Tarakilishi iliyobeba kadi

Wakenya wengi huanza na tarakilishi ya mtumba iliyowahi kutumika ofisini. Mashine hizo ni imara na bei yake si mbaya, lakini hazikuundwa kwa ajili ya kadi kubwa za grafiki.

Kijana mmoja wa ukoo wetu aliligundua hilo baada ya kulipa. Alikuwa amedunduiza pesa zake kwa miezi mingi, akanunua kadi nzuri kwa bei nzuri na kuileta nyumbani kwa furaha. Alipofungua tarakilishi yake, alikuta pawa saplai haina waya wa kuilisha kadi umeme. Isitoshe, kadi ilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyokuwepo ndani ya kasha. Muuzaji hakumdanganya, ni kwamba hakuulizwa, naye hakusema. Gharama za kubadilisha kasha na pawa saplai zilikula kila shilingi aliyodhani ameiokoa.

Kanuni ni rahisi kuikumbuka. Sehemu ya ubao mkuu inayochomekwa kadi hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo lazima ipate waya wake kutoka kwa pawa saplai. RX 480 yenyewe ilizua malalamishi ilipotoka, baada ya kugunduliwa kuwa ilivuta zaidi ya wati 75 kupitia ubao mkuu, na AMD ikalazimika kutoa marekebisho ya programu Julai 2016.

Zipo kadi ndogo zisizohitaji waya, mathalan GTX 1050 Ti na baadhi ya matoleo ya GTX 1650. Hizi hutoshea mashine za ofisini, lakini kwa miwani ya kisasa nguvu zake ni haba. Prosesa ya tarakilishi nayo isisahaulike. Kadi nzuri iliyofungwa kwenye prosesa kongwe ni sawa na trekta inayovutwa na punda.

Mnunuzi wa kadi ya mtumba asilipe kabla haijajaribiwa. Aombe iendeshe mchezo mzito kwa nusu saa, asikilize kelele za feni, atazame kama picha zina mistari au madoadoa, na ajaribu kila tundu la kuchomekea kebo. Miwani kama Valve Index huhitaji tundu la DisplayPort lililo zima. Kadi iliyowahi kutumika kuchimba sarafu za kidijitali si lazima iwe mbovu, lakini feni zake huwa zimechoka, na bei inafaa kuonyesha uchovu huo.

Nani atapata thamani ya pesa zake?

Kwa asiye na tarakilishi yenye uwezo, kadi nafuu si mahali pa kuanzia. Tangu Quest ya kwanza ilipotoka Mei 2019, kuna miwani yenye prosesa yake ndani, isiyohitaji tarakilishi wala kadi. Quest 3S, iliyozinduliwa Oktoba 2024 kwa Dola 299, ni ya aina hiyo. Hata baada ya kuongeza gharama za usafirishaji na ushuru wa thamani (VAT) wa asilimia 16, bado itakuwa nafuu kuliko kuunda tarakilishi mpya. Beat Saber na michezo mingine mingi huchezwa humo humo. Kadi inaweza kununuliwa baadaye, mtu akishajua kama uhalisia pepe unampendeza au unamtapisha.

Kwa aliye na tarakilishi nzuri ya miaka ya karibuni, yenye prosesa ya kuridhisha na pawa saplai ya kutosha, kadi ya tabaka la chini-kati ina thamani kubwa. RTX 3060 yenye gigabaiti 12, iliyotoka Februari 2021 kwa Dola 329, na RTX 4060 yenye gigabaiti 8, iliyotoka Juni 2023 kwa Dola 299, ni mifano inayofaa. RX 9060 XT ya mwaka wa 2025 yenye gigabaiti 16, iliyotangazwa kwa Dola 349, ina nafasi kubwa zaidi ya kupumua miaka ijayo. Kuongeza pesa kidogo kutoka tabaka la Dola 200 hadi lile la Dola 300 mara nyingi ndiko hununua tofauti kati ya kucheza na kuugua.

Kwa aliye na mashine ya zamani ya ofisini, ukweli ni mchungu. Kadi itakayotoshea haitatosha, na itakayotosha haitatoshea. Heri azihifadhi pesa zake hadi aweze kubadilisha mashine nzima.

Naye anayetaka michezo ya ndege, au picha zisizo na dosari, ajue kwamba hayumo katika kundi linalohudumiwa na kadi nafuu.

Ahadi ya mwaka wa 2016 haikuwa uongo. Ilikuwa kweli kwa mtu aliyekuwa tayari na kila kitu kingine. Kabla ya kuuliza kadi ni pesa ngapi, mnunuzi aifungue tarakilishi yake atazame waya zilizomo, apime urefu wa nafasi iliyopo, na ajue kwa yakini ni miwani ipi atakayovaa. Dakika hizo kumi hazina gharama yoyote, na ndizo zitakazomwambia kama kadi ya bei nafuu itamfaa au itamgharimu.